Bakuli la Futari, Mizani ya Bwana Sefu na Jina Langu

Wahusika ni watatu, na ninawataja mwanzo ili msomaji asihangaike kuwatafuta. Wa kwanza ni Bwana Sefu, muuzaji wa unga na mchele wa Mwanakwerekwe, ambaye alilitumia bakuli la nyumbani kwangu kuwa kinga ya mizani yake pungufu. Wa pili ni aliyekuwa mkuu wangu wa kazi. Huyo aliniandikia barua ya onyo bila ya kuniuliza suala hata moja, akaisoma mbele ya wenzangu, na ilipothibitika kuwa si kweli hakuandika nyingine ya kuifuta. Wa tatu ni mimi, niliyekula futari ile. Kila mmoja nitampa fungu lake, na langu sitalipunguza.

Barua hiyo imo katika faili langu hadi leo. Inasema nilipokea chakula ili nifumbie macho mizani inayopunja watu. Nimeisoma mwaka huu, kwa miwani yangu, nikiwa nimeshastaafu, na ndiyo sababu ya maandishi haya.

Sababu nyingine ni nyinyi, wakaguzi vijana. Ofisi niliyoitumikia, ambayo siitaji, imeniletea barua ya heshima ikiniomba niwaandikieni kurasa chache juu ya namna ya kujenga na kulinda jina jema kazini. Katika barua hiyo nimeitwa "mdau". Umri wangu wote wa kazi nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nimestaafu, nimekuwa mdau. Nimekubali kuandika. Walioniomba wasije wakalalamika kwamba nimeandika.

Nimeambiwa kwamba siku hizi jina hujengwa kwa semina. Mnakaa siku mbili ukumbini, mnapewa mkoba na kalamu, mnarudi na cheti kilichokwisha kupigwa plastiki, na kila mmoja ana jina. Nimewaona pia kwenye simu za wajukuu zangu: mkaguzi amesimama dukani bega kwa bega na mwenye duka, wote meno nje, na mizani iko nyuma yao haijaguswa. Chini ya picha watu wamebandika vidole gumba. Sijui vidole gumba vile vina uzito gani. Mimi nilifundishwa kupima kwa mawe ya shaba.

Aliyenifundisha ni Mzee Makame, mtu wa Tumbatu, mkavu, asiyependa maneno. Alikuwa na mkoba wa ngozi, na ndani yake mawe ya mizani ya kiwango, kila jiwe limefungwa kitambaa chake. Hakuwa akiyagusa kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho huila shaba na mafuta ya vidole huongeza uzito. Siku ya kwanza nililishika jiwe la kilo kwa kiganja changu. Alilichukua, akalifuta taratibu, akanitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi msikitini.

"Jiwe hili ndilo linalosema kweli," aliniambia. "Ukilitia uchafu, nani atasema?"

Tulikuwa tukiingia dukani, mwenye duka anakimbilia kiti.

"Karibu kitako, Mzee Makame."

"Kiti chako kizuri, nnakiona. Nipishe niione mizani."

"Basi japo maji baridi, mzee. Jua hili!"

"Maji nshakunywa kwangu."

Miezi miwili nilistahamili kusimama, kisha nikamuuliza sababu. Alinijibu: "Ukikaa, umekuwa mgeni. Mgeni hamkagui mwenyeji wake." Niliona ni ukali wa mzee asiyejua adabu za mjini. Nilikuja kujua baadaye, na kwa gharama, nani kati yetu alikuwa hajui.

Mzee Makame alinifundisha pia jambo ambalo hamtalipata katika mikoba ya semina. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi peke yangu, nilipima mizani moja ya bapa, yenye sahani pana ya pembe nne, katika duka la nafaka. Nililiweka jiwe katikati, mshale ukasimama pale pale unapotakiwa, nikapiga muhuri, nikaenda zangu. Wiki ya pili Mzee Makame alipita dukani hapo, akaliweka jiwe katikati, kisha katika pembe moja moja. Pembe ya tatu ilizidisha. Kila aliyewekewa mfuko wake katika pembe ile aliondoka na pungufu, na muhuri uliomdhulumu ulikuwa wangu.

Nilidhani atanifokea ofisini, mlango umefungwa. Alinichukua mpaka dukani, saa nne asubuhi, wanunuzi wamejaa. Akaniambia: "Waambie."

"Niwaambie nini, mzee?"

"Ulichokifanya."

Nikasema kwamba muhuri ule niliupiga mimi, kwamba sikupima pembe zote, na kwamba mizani ile ni pungufu. Kisha nikaukwangua muhuri kwa kisu mbele yao. Mama mmoja aliguna, akasema, "Makubwa! Na huyu analipwa!" Wengine wakacheka. Nilitoka pale nikijua kwamba jina langu limekufa kabla halijazaliwa vyema.

Haukupita mwezi, watu wakaanza kuja ofisini wakiniulizia mimi. "Yupo yule aliyekwangua muhuri wake?" Hawakuwa wakilijua jina langu, walilijua lile tendo. Liwekeni hilo kichwani, nyinyi mnaoficha makosa yenu kama paka afukiavyo. Jina la mkaguzi si kwamba hakosei. Ni kwamba akikosea, anayepunjika atasikia habari kutoka kinywani mwake yeye mwenyewe.

Madhali nimefika hapo, niwape na ya mikono, maana jina lisilo na ujuzi ni kelele. Mkaguzi asiende dukani asubuhi mapema, wakati mizani imefutwa vumbi na mwenye duka amevaa kofia. Aende saa za msongamano. Kabla ya kupima kitu chochote, atazame mshale au tarakimu zinasimama wapi wakati juu hapana kitu, maana beseni la plastiki linaloachwa juu ya mizani huuzwa kila siku kwa bei ya sukari na halimaliziki. Atazame juu pia: feni inayopuliza kwa nguvu juu ya mizani nyepesi si ya kumpoza mnunuzi. Kibaba akigeuze, akigonge kitakoni, apitishe kidole ndani. Nimepata vibaba vilivyotiwa nta ndani hadi kimo cha kucha. Na pembe zote nne. Mizani hizi mpya zenye tarakimu nyekundu zina pembe vile vile. Umeme haukuleta uchamungu.

Sasa Bwana Sefu.

Nilikuwa nikikaa Kikwajuni wakati huo, ghorofani, na Bwana Sefu akahamia mlango wa tatu kutoka kwangu. Duka lake lilikuwa Mwanakwerekwe, ndani ya eneo langu la ukaguzi. Tuliamkiana ngazini, tukazikana, tukaswali safu moja. Hayo hayakatazwi na kanuni yoyote, na hata Mzee Makame, ambaye alikuwa ameshafariki, asingeyakataza.

Ramadhani ikaingia. Jioni moja katika kumi la mwanzo mke wa Bwana Sefu akaja mlangoni na bakuli la mihogo ya nazi na papa, limefunikwa kawa. Mke wangu, Bi Zuhura, akapokea, akashukuru, akaliweka mezani. Mimi nikalitazama.

"Unalitazamia nini?" aliniuliza. "Lina macho?"

"Limetoka kwa Sefu."

"Limetoka kwa jirani."

"Jirani ana mizani."

"Na wewe una njaa. Futari ya watu unaikataa, wewe? Mwezi huu? Utaniweka wapi miye na uso wangu kwenye ngazi hizi?"

Adhana ikalia. Nikala. Ilikuwa tamu, na ninaliandika hilo kwa sababu nimeahidi kutopunguza.

Hamna haja ya kuelezwa kilichofuata, maana nyote mmelelewa hapa. Bakuli la jirani halirudishwi tupu. Kesho yake Bi Zuhura alilijaza mkate wa kumimina, akalipeleka. Keshokutwa likaja na boko boko. Likaenda na tambi. Ikawa leo chao, kesho chetu, hadi mwezi ukaisha, na vyombo vikachanganyika kama vinavyochanganyika katika kila nyumba ya mji huu. Ndiyo maana wanawake hutia alama vyombo vyao kitakoni. Alama ya mke wangu ilikuwa nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu.

Kosa langu halikuwa kula. Kosa langu ni kwamba asubuhi ya siku ya pili nilikwenda ofisini, nikakaa mbele ya kalamu na karatasi, na sikuandika mistari miwili ya kumwarifu mkuu wangu kwamba nyumba yangu na nyumba ya mfanyabiashara ninayemkagua zimebadilishana chakula, na kwamba naomba duka lile likaguliwe na mwengine. Niliona haya. Nilijiambia kuwa futari haiandikwi. Mtu aliyewahi kuukwangua muhuri wake mbele ya watu akashindwa kuandika mistari miwili, kwa sababu safari hii hakukuwa na Mzee Makame wa kumwambia "Waambie."

Miezi kadhaa ikapita. Alasiri moja ikapigwa hodi, na mlangoni alikuwa Bi Mize, mama anayechoma mikate ya mofa na kuiuza hapo hapo Kikwajuni. Nikamkaribisha ndani.

"Siingii," alisema. "Nitayasema hapa hapa, na majirani wasikie wakitaka."

"Sema, Bi Mize."

"Nimenunua kilo kumi za unga kwa Sefu. Nimekwenda kuzipima kwengine: tisa na robo. Nimerudi, nimemwambia, 'Sefu, nnakwenda kumwita mkaguzi.' Unajua kanijibu nini?"

"Sijui."

"Hakunijibu! Alikuwa anakula. Kamaliza mchuzi wake, kalamba vidole, bakuli kaligeuza juu chini, kanionyesha kitako chake. Nukta tatu nyekundu. Kanambia, 'Hili la nani, Bi Mize? Nenda kamwite mwenyewe, mwambie chombo chake kipo, aje achukue.' Duka zima likacheka."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mke wangu: "Bakuli langu! Nnalitafuta toka mfungo mosi, toka siku ya Idi!"

"Basi liko Mwanakwerekwe, bibi, linafanya kazi ya serikali," alijibu Bi Mize.

Nikamwambia kwamba hayo ni maneno ya hadaa, kwamba mimi sijawahi kumwachia Sefu hata gramu moja, na kwamba jina langu linajulikana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Bwana mkaguzi, jina lako halinipikii mofa. Unga wangu ndo uliopungua. Jina lako lingekuwa zima, Sefu angeniogopa."

Akashuka ngazi.

Nimesoma kanuni nyingi za utumishi. Hakuna iliyonieleza maana ya sifa njema kazini kama alivyonieleza mchoma mikate yule. Nilikuwa nikidhani jina langu ni mali yangu, kama saa ya mkononi. Likikwaruzika, hasara ni yangu. Kumbe lilikuwa kinga ya Bi Mize. Aliyenunua unga kwa Sefu alikuwa analindwa na hofu ya Sefu kwamba yupo mtu asiyeweza kuonyeshwa bakuli. Nilipolipoteza, hasara yangu ilikuwa fedheha, lakini yake ilikuwa unga.

Kesho yake, saa tano, duka limejaa, niliingia na mkoba wa Mzee Makame, alioniachia. Sikukaa.

"Jirani!" alisema Bwana Sefu. "Umekuja kunipima miye?"

"Nimekuja kuipima mizani."

Nikaweka jiwe katikati: sawa. Pembe ya kwanza: sawa. Ya pili: sawa. Ya tatu: sawa. Pembe ya nne, iliyo upande wa mkono wake wa kulia, ambako aliweka kila mfuko kwa ustadi wa miaka, ilizidisha. Nikairudia mara tatu, nikisoma kwa sauti. Kisha nikaifunga mizani kwa waya na lakiri ya risasi, isitumike tena.

"Wee bwana, una imani kweli?" alipiga kelele. "Futari yangu haijakushuka tumboni, unanifungia mizani?"

"Futari umenilisha nyumbani kwangu, Bwana Sefu. Mizani iko dukani kwako."

"Ehe! Mmesikia? Kakubali! Kala!"

"Nimekula. Na wewe umekula kwangu. Na mizani yako ni pungufu. Yote matatu ni kweli."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikaandika taarifa ya vifungu vinne. Vitatu vya kwanza vilieleza kipimo cha kila pembe, malalamiko ya Bi Mize na kufungwa kwa mizani. Cha nne kilieleza kwamba katika Ramadhani iliyopita nyumba zetu zilibadilishana futari, kwamba nilipaswa kuarifu siku ile ile, na kwamba sikuarifu. Nikatia saini, nikaipeleka masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Hapo ndipo anapoingia mhusika wa pili. Mkuu wangu alikuwa mtu wa manukato na kauli laini, asiyewahi kumkasirisha mtu yeyote mwenye gari. Bwana Sefu alinitangulia kwake kwa simu. Mkuu alikichukua kifungu cha nne, akaviacha vile vitatu kama mtu achambuaye samaki akatupa nyama akala miba. Siku ya tatu alituita wafanyakazi wote ukumbini, akasoma barua: kwamba mimi nilipokea chakula ili nifumbie macho mizani pungufu, na kwamba "nimekiri kwa mkono wangu mwenyewe".

Hebu ipimeni hoja hiyo, nyinyi mliosoma vyuo. Mtu amehongwa ili afumbe macho. Mtu huyo akaenda mchana, mbele ya watu, akaifunga mizani ya aliyemhonga. Ikiwa hiyo ni rushwa, basi aliyedhulumiwa ni Bwana Sefu, na alistahiki kurejeshewa mihogo yake.

Lakini hoja haikupimwa. Niliondolewa sokoni nikawekwa stoo, kutunza madaftari. Wenzangu walikuwa wakipita mlangoni: "Vipi sheikh, leo tunafuturu wapi?" Mwengine anamjibu: "Chakula tayari, tunasubiri bakuli litoke Mwanakwerekwe." Baadhi yao niliwafundisha mimi kulishika jiwe la kilo.

Mkuu alifanya kosa moja la kiufundi: alimweka mtu anayependa kumbukumbu mahali zinapowekwa kumbukumbu. Siku ya nane tangu niifunge mizani, habari zilinifikia kwamba Bwana Sefu anapima kama kawaida. Nikafungua daftari la mihuri. Mstari ulikuwepo: tarehe, jina la duka, namba ya mizani, na maneno "imepimwa, ni sahihi". Safu ya matokeo ya pembe haikujazwa. Safu ya saini ya mkaguzi haikujazwa. Mizani niliyoifunga ilifunguliwa na kupigwa muhuri mpya, na kwa daftari lile hakuna mtu aliyeifungua. Nilimwendea mkuu na daftari mkononi. Akaniambia mambo hayo hayamhusu mtunza stoo.

Hatimaye iliundwa kamati ya watu watatu, baada ya Bi Mize kukwea ngazi za ofisi mara nne na kukataa kuondoka mara ya nne. Kamati ilisoma taarifa yangu, ikaona imepokelewa masjala siku mbili kabla ya barua ya onyo, ikaona kwamba habari ya futari niliitoa mimi kabla sijaulizwa na yeyote. Ikasema sina hatia ya rushwa, ila nina kosa la kuchelewa kuarifu. Hukumu hiyo naikubali kila neno.

Mkuu aliniita ofisini kwake. Ilikuwa siku mbili kabla ya Ramadhani nyengine.

"Bwana, kamati imekusafisha. Kesho rudi sokoni kwako."

"Ahsante. Naomba iandikwe, na isomwe kama ilivyosomwa ile ya kwanza."

"Ah! Sisi watu wazima bwana. Mwezi mtukufu unaingia, watu wanaombana radhi. Mimi nnakuomba radhi. Nisamehe."

Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyinyi mnajua hali ya mtu anapoombwa radhi katika siku zile. Nani atasema "Sikusamehe mpaka nione karatasi"? Nikamsamehe. Nikatoka bila ya karatasi.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la bakuli. Bwana Sefu alinikamata kwa ukarimu, mkuu akanikamata kwa msamaha. Yote mawili ni mema, na mtu mjanja hapati pazia zuri zaidi kuliko jambo jema. Sikuambieni mkatae futari ya jirani wala msimsamehe mtu. Futuruni, kisha asubuhi andikeni. Sameheni, kisha muombe nakala. Msamaha wangu nilimpa mtu aliyenikosea. Sikuwa na mamlaka ya kulisamehe faili.

Nilirudi sokoni, nikafanya kazi hadi mwisho wa utumishi wangu. Bwana Sefu alishauza duka na kuhamia kusikojulikana na wadai wake. Bi Mize hakununua tena unga pale. Aliniambia tulipokutana kwamba amepata muuzaji mmoja anayempimia kwa kibaba na kumzidishia konzi ya unga. "Hana muhuri wako," aliniambia, "lakini hana na bakuli lako." Nilicheka, kwa sababu alikuwa na haki ya kulisema.

Mwaka huu, baada ya kuipokea barua ile ya "mdau", nilitoka Chukwani ninakokaa sasa, nikaenda masjala kuomba kulisoma faili langu, ili tarehe ninazowaandikia ziwe sawa. Alinipokea karani mmoja, mama wa makamo, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniletea faili. Barua ya onyo ilikuwepo, safi, imetobolewa matundu mawili na kufungwa vyema. Taarifa yangu ya vifungu vinne haikuwepo. Uamuzi wa kamati haukuwepo. Nikamuuliza viko wapi. Akapekua, akapekua tena, akatazama orodha iliyo jaladani.

"Katika orodha vimo, mzee. Ndani havimo."

"Nani aliyevitoa?"

"Haikuandikwa." Kisha akapunguza sauti, kwa huruma. "Mzee, mambo ya zamani hayo. Wewe nshakuona ni mtu mzima, umeshapumzika. Yaache."

Alikuwa anataka kunifariji, na sina neno naye. Lakini nyinyi wakaguzi vijana mtakapofundishwa, mtafundishwa kutokana na mafaili kama hayo. Atakayelifungua langu, kesho au baada ya kufa kwangu, atasoma kwamba kulikuwa na mkaguzi aliyeuza macho yake kwa bakuli la mihogo, na hatasoma popote kwamba mizani ile ilifungwa, wala nani aliifungua. Na mimi ndiye niliyeombwa kuwaandikia juu ya jina jema. Kama ni mzaha, umeandikwa kwa herufi za serikali.

Kwa hiyo, na kwa kuwa nimetakiwa rasmi kuandika, ninadai rasmi kama ifuatavyo. Ninadai kwamba mkuu wa sasa wa ofisi hiyo aifute kwa maandishi barua ya onyo iliyomo katika faili langu, na ufutaji huo usomwe mbele ya wafanyakazi ukumbini, kama ilivyosomwa barua yenyewe. Ninadai taarifa yangu ya vifungu vinne na uamuzi wa kamati virejeshwe mahali pake, pamoja na kifungu cha nne kinachonihukumu mimi, maana sitaki kusafishwa kwa kuibiwa kosa langu. Ninadai atajwe kwa jina na cheo mtu aliyevitoa. Ninadai kwamba majibu ya hayo yaje kwangu kwa karatasi, na yasije kwa simu, wala kwa mjumbe, wala kwa mkono wa radhi.

Tena ninadai, kwa niaba ya Bi Mize na kila aliyenunua unga katika duka lile tangu mizani ile ifunguliwe, daftari la mihuri litolewe stoo, lifunguliwe katika mstari wa mizani ya Bwana Sefu, na mtu aliyeikata lakiri yangu na kupiga muhuri mpya bila ya kupima ajitokeze, aeleze alipima pembe ngapi, kisha atie saini yake katika safu aliyoiacha wazi.